Afadhali Sisi

Mimi nilikuwa mtu wa "afadhali Kenya". Ungenikuta kwa kinyozi hapa Landless, Thika, nimeketi kwenye benchi nikingoja zamu, na sauti yangu ungeisikia ukiwa barabarani. Waganda? Wamezoea kunyamaza. Watanzania? Wamelala, Kiingereza kinawapiga chenga, biashara hawaijui. Sisi ndio tuko mbele. Mbele ya nini, hakuna aliyewahi kuniuliza, na angeniuliza ningemfokea tu.

Kisha kitinda mimba wangu akaniletea Mtanzania.

Kijana alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga, na walikutana Ruiru, binti yangu alikokuwa amepanga nyumba. Siku ya kwanza aliinama akaniambia, "Shikamoo, baba." Nikamjibu, "Poa sana." Binti akafunika uso kwa mikono. Nilikasirika bure. Mambo gani haya ya kuinamiana? Si tuseme habari tumalize?

Wakaja kwa ajili ya ithigi, ile siku upande wa kijana unaleta mbuzi wawili ijulikane kwamba msichana ameshachumbiwa. Kutoka Mwanza huwezi kuja na mbuzi ndani ya basi, kwa hivyo waliwanunua hapa Thika, na wakauziwa kwa bei ya mgeni. Nilicheka sana. Nilisema ni ujinga wao. Haikunijia kwamba wizi ulikuwa wetu.

Tulipomaliza kula nikaanza hotuba. Barabara kuu ya Thika niliitaja kama vile niliimwagia lami mwenyewe. Nikataja simu zetu, shule zetu, bidii yetu. Wazee wenzangu wakatikisa vichwa, "Ĩĩ, ni kweli." Mjomba wa kijana, mzee mwembamba, alisikiliza hadi mwisho bila kugusa chai yake.

"Tumeshukuru, mzee," akasema. "Nasi tuna swali moja, utusamehe. Hawa watoto wanataka kuishi hapa Ruiru. Sisi tuko mbali, mambo ya huku tunayasikia redioni tu. Ukifika uchaguzi, watu wakianza kuulizana kabila, nani atasimama mlangoni kwa kijana wetu? Nitajie mtu mmoja tu, nikamwambie mama yake."

Ngai! Mimi nilidhani tumeketi kuona kama ninaweza kuwaaminia binti yangu. Kumbe wao ndio waliokuwa na wasiwasi.

"Mimi," nikasema. "Mimi nitasimama."

Mke wangu alikuwa anakusanya sahani. Akasimama, akaniangalia, kisha akaingia jikoni. Wageni walipoondoka ndipo aliponiuliza, "Wewe umewahi kusimama mlango gani?"

Alijua. Ule mwaka wa vita vya uchaguzi, kwenye mlango uliopakana na wetu kulikaa mtu wa kabila jingine, wa upande wa ziwa, mwenzangu wa zamu kwenye kiwanda cha nguo. Tulikuwa tumekula pamoja miaka kumi na moja. Asubuhi moja akapata karatasi mlangoni inayomwambia ahame. Alikuja kwangu akiwa nayo mkononi, akanionyesha, akangoja. Nilimwambia, "Pole sana, ndugu yangu. Wacha nikusaidie na godoro." Nikalibeba kichwani mpaka stendi. Kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa mtu mwema kwa sababu ya lile godoro.

Baada ya maneno ya mke wangu sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui naenda wapi. Wiki ya pili nikaenda Ruiru, nikamkuta binti akisukuma chapati, nikamwambia yote. Hakunifokea. Aliendelea kusukuma, chapati ikawa nyembamba hadi ikatoboka.

"Kwa hivyo ulimdanganya mjomba," akasema.

"Nilimdanganya."

Mwaka haukuisha kabla hawajahamia Mwanza. Kwa kinyozi nikaacha kuongea. Wenzangu wakanitania kwamba nimeuzwa pamoja na binti. Na mimi, kwa ule ujinga wangu, nikabadilisha upande tu: sasa nikawa namwambia kila mtu Tanzania ndiko kuna amani, huko watu ni ndugu.

Halafu uchaguzi wao ukafika, na mambo yakaharibika huko pia. Mtandao ukazimwa. Simu ya binti ikawa haipatikani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilizunguka mtaa mzima na simu mkononi, kama kuku anayetaka kutaga. Kwa kinyozi, mwenzangu mmoja akasema, "Si uliwasifu? Afadhali sisi!" Wote wakacheka. Lile neno lilikuwa langu, nimelisema maisha yangu yote, na nilitamani kumpiga nalo mdomoni.

Siku ya sita akapiga. Niliposikia "Baba" nililia waziwazi, sina haja ya kuficha.

"Tuko salama," akasema. "Kulikuwa na maneno mtaani kwamba Wakenya ndio wachochezi. Vijana wakaja kuniulizia. Lakini kuna mama hapa jirani, anauza maandazi. Aliweka kiti chake mlangoni kwetu akakikalia. Akawaambia, huyu ni mwanangu, mkimtaka mnipite mimi kwanza. Amekaa hapo siku tatu, Baba."

Kisha akaniuliza, si kwa ukali, "Yule mzee wa godoro, umewahi kumpigia?"

Sikuwa nimewahi. Namba niliipata zamani kwa mtu tuliyefanya naye kazi kiwandani, na nimeihamisha kutoka simu hadi simu bila kuigusa. Binti alipokata simu, nikaitafuta, nikapiga kabla moyo haujageuka. Ikaita sana. Sauti ya mzee ikapokea. "Halo? Ni nani?"

Nilitaka kusema ni jirani yako.

"Ni nani?" akauliza tena, na alikuwa bado anangoja.