Mjusi Asiyehitaji Dume

Mume wangu alimleta mjusi huyo nyumbani kwetu, mtaa wa Castle Vale huku ughaibuni, ndani ya sanduku la kioo. Alipewa na mwenzake wa kazini aliyekuwa anahama. Akanihakikishia kwamba ni mnyama mtulivu. Labda alimwona akiwa amelala.

Sikatai, alikuwa mrembo: mistari ya manjano mgongoni, kichwa cha rangi ya chungwa lililoiva, mkia wa kijani mrefu kama mjeledi. Lakini kutulia hakujui. Kutwa anachimba mchanga, anatoa ulimi, anakimbia huku na huko kama mtu aliyepoteza funguo. Kwao ni Amerika Kusini kwenye joto, kwa hiyo Januari nzima yeye aliota joto la taa, nami nikirudi kutoka zamu ya kutunza wazee nikilalamika baridi, mume wangu ananiambia nivae sweta. Chakula chake ni nyenje walio hai. Wengine walitoroka, wakahamia nyuma ya friji, wakaimba.

Kisha akataga mayai. Nilimuuliza mume wangu dume amemficha wapi, maana kuleta wa pili bila kuniambia hakungemshinda. Akaapa hakuna.

Wiki hiyo maombi ya nyumbani yalikuwa kwetu. Mama mchungaji alipoyaona yale mayai sandukuni na kuuliza, mume wangu, ambaye kwenye maombi husema amina tu, akapata maneno. Akaeleza kwamba baadhi ya aina za mjusi huyo ni majike watupu. Hutaga bila kupandwa, na watoto hufanana na mama kwa kila kitu.

"Na madume walienda wapi?" akauliza mama mchungaji.

"Hawapo, mama. Hawahitajiki."

Dada mmoja, ambaye tulikuwa tumetoka tu kuiombea ndoa yake, akacheka hadi akajifuta machozi. Somo likaishia hapo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mayai yalipoanguliwa, mume wangu alikuwa kazini ghalani, Washwood Heath. Nilipompa habari kwa simu, akaniomba niwanyunyizie vitoto maji kidogo. Nikamwambia sina wakati huo. Nikakata simu, nikaenda kuwanyunyizia. Walikuwa wembamba kama njiti za kiberiti, na tayari wana mistari.

Alipofika nikamwambia awatafutie watu wa kuwachukua. Anasema anatafuta. Juzi amekuja na sanduku la pili, kubwa kuliko la kwanza, na ameliweka pale ninapokunja nguo.