Bi Esnath wa Hazina na mawe ya zahanati

Siku Bartholomeo alipomwona Bi Esnath kwa mara ya kwanza ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, mwaka 2023, na mvua ilikuwa imetoka kuangusha kona moja ya boma la zahanati, kuta tupu zisizo na paa. Bartholomeo alikuwa amechuchumaa anatenga matofali mazima na yaliyovunjika. Aliposikia mtu anahema nyuma yake akageuka, akaona mama mmoja mnene mwenye mwavuli mweusi mkono mmoja, na mkono wa pili amekumbatia jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi. Yule mama akalitua jiwe kwenye rundo, akapangusa kiganja kwenye kanga.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, mama."

"Boma hili limesimama hivi tangu lini?"

"Mwaka wa nne sasa."

"Nani amelijenga?"

Bartholomeo alitazama vidole vyake vilivyojaa udongo. "Watu," alisema.

Lakini fundi alikuwa yeye. Kijiji chao kiko upande wa Idodi, mkoani Iringa, kando ya barabara iendayo hifadhini, na zahanati ya karibu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Miaka mitano nyuma, mkewe Juliana alijifungulia njiani akiwa anapelekwa huko, na mtoto hakupona. Haikupita hata arobaini, Bartholomeo akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Marcelino. Bartholomeo ni mtu asiyependa kusema mbele za watu. Kanisani hukaa benchi la mwisho na akiulizwa jambo mkutanoni huinama kama aliyedondosha kitu. Siku hiyo alisema sentensi moja tu: "Mkinipa mawe, nitajenga."

Mawe yakaja kwa mgowe, ile kazi ya kusaidiana ambayo majirani huitana, wakafanya, wakanywa togwa, wakaondoka bila kudaiana. Kuta zikafika usawa wa lenta, juu ya milango na madirisha. Hapo ndipo nguvu za kijiji zilipoishia. Bati na mbao zilitakiwa zitoke serikalini. Kwa sababu saruji ilikuwa kidogo na udongo mwingi, kila masika ilipopita ukuta ulilegea. Bartholomeo alijua, ingawa hakumwambia mtu, kwamba boma lile, likiivuka masika ya mwaka huo, lisingevuka nyingine bila paa.

Bi Esnath alikuwa mjane wa marehemu Anord, mwenyeji wa pale aliyeishi mjini. Kwao ni Mbeya, Mnyakyusa, ana nyumba Kihesa, mjini Iringa, na alikuwa amekuja kulima shamba aliloachiwa na mumewe. Watu walimwita mgeni wa mjini. Kesho yake akarudi bomani na swali jingine, akimwita Bartholomeo kwa jina la bintiye mkubwa.

"Baba Joyness, halmashauri wanasemaje?"

Bartholomeo akatoa barua aliyoazima kwa Marcelino. Ilisema kwamba fedha za kumalizia maboma zimeshafika, ila boma lisilo na taarifa ya nguvu za wananchi halitaezekwa. Bi Esnath aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Taarifa yenu iko wapi?"

"Hatukuandika, mama."

"Mawe yote haya, hamkuandika hata moja?"

"Jirani haandikwi," alisema Bartholomeo, na akashangaa kwamba amejibu.

Ndivyo ilivyokuwa. Pale kwao, kuandika jirani alicholeta kwenye mgowe ni kumtukana, ni kama kumwambia utamdai siku moja au unamsuta aliyekuja mikono mitupu. Bi Esnath aliikunja barua, akamrudishia. Kisha akasema, "Basi mna miezi minne. Mwaka wa serikali hauishi Desemba. Unaisha tarehe thelathini mwezi wa sita, na fedha isiyotumika inarudi ilikotoka."

Tangu siku hiyo alikuwa akija jioni, anakaa juu ya tofali, anasimulia huku Bartholomeo anaziba nyufa. Alikuwa ameanza kazi mwaka 1978 katika Hazina Ndogo, ofisi ya Wizara ya Fedha mkoani Mbeya, akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, baadaye akahamishiwa Iringa. Siku zile kila mkoa ulikuwa na vitabu vikubwa vya kuandika kwa wino. Makarani wazee waliomfundisha walikuwa wameanza kazi kabla ya Uhuru, na sheria yao ya kwanza ilikuwa kwamba ukikosea hufuti. Unakata mstari mmoja tu, ili kosa lisomeke na atakayekuja nyuma ajue ulikuwa umesemaje. Zikafuata taipureta na karatasi za kaboni, zikafuata kompyuta, na alipostaafu mwaka 2017 Wizara ilikuwa inafungasha makabati kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma.

Safari moja alitumwa kupeleka sanduku la majalada Iringa, basi likaharibika Chimala. Akalikalia lile sanduku stendi kuanzia asubuhi hadi alasiri. Akina mama wauza mchele wakamletea wali na kumtania: "Dada, umetaga nini humo?"

Siku moja Bartholomeo alijikaza akauliza, "Mama, huko Hazina, fedha zenyewe zinakaa chumba gani?" Tangu akiwa darasa la pili alikuwa akiona kichwani ghala lenye magunia.

Bi Esnath alicheka hadi mwavuli ukamponyoka. "Miaka thelathini na tisa, sijaona hicho chumba. Nimeona makabati. Kila ofisi ya nchi inaandika inachohitaji, Wizara inapanga, bunge linapitisha mwezi wa sita, Wizara inatoa ruhusa, mikoa na halmashauri wanatumia. Halafu kila mmoja anarudisha karatasi kusema amefanya nini. Usiporudisha, mwakani hujulikani kama upo. Ninyi hapa hamjulikani kama mpo."

"Tupo," alisema Bartholomeo.

"Najua mpo. Nani mwingine anajua aliyeleta hili jiwe?"

Bartholomeo alilitazama jiwe. Alikuwa amepokea kila mzigo kwa mikono yake, na alikumbuka wote. Hapo ndipo alipoelewa anachotakiwa kufanya: kuwataja mbele za watu.

Mkutano mkuu wa kijiji ukaitishwa bomani mwezi wa nne. Bi Esnath aliweka meza ndogo, daftari na kalamu ya wino. Watu walinung'unika waziwazi.

"Mgeni wa mjini anataka kutuhesabu kama kuku," alisema Bibi Paskalina, mwanamke mzee kuliko wote pale na mwenye ulimi mkali kuliko wote.

"Kuhesabu si kudai, mama," Bi Esnath alimjibu. "Mtu akihesabu wanawe jioni, anawadai?"

Bibi Paskalina alitafuna jibu hilo. "Haya. Fundi aseme."

Bartholomeo alisimama mbele ya umati. Akageuka, akawapa mgongo watu wote, akaweka kiganja kwenye ukuta. Kwa ukuta aliweza kusema.

"Hili ni la Bibi Paskalina. Alilibeba kichwani, na goti lilikuwa linamuuma." Akasogea hatua. "Haya sita ni ya wanakwaya wa Kilutheri. Maji ya msingi ni mke wa Ezron, ndoo arobaini. Hapa dirishani ni ya Parokia, walikuja baada ya misa."

Akazunguka boma zima hivyo, na watu wakamfuata. Manung'uniko yakaisha. Wengine walikuwa wamesahau walicholeta, wakacheka kujisikia wanatajwa. Mmoja mmoja wakaenda mezani kutia sahihi au dole gumba. Asiyeleta kitu hakutajwa, wala hakuna aliyemuuliza.

Marcelino akakohoa. "Andika na mwenyekiti. Tripu mbili za mchanga."

Bi Esnath akaandika. Macho yote yakamgeukia fundi. Bartholomeo alirudisha kiganja ukutani.

"Mchanga tulichota mtoni," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa ndoo. Samahani, Mwenyekiti."

"Wewe Marcelino ulileta maneno," alisema Bibi Paskalina. "Tripu nne!"

Kicheko kikaruka. Marcelino akainamia meza. "Basi, mama, futa hapo."

"Hazina hatufuti, Mwenyekiti," alisema Bi Esnath, akakata mstari mmoja, mwembamba, ulionyooka. Jina na mchanga wake vikabaki vinasomeka vizuri kabisa. Jioni ileile trekta likamwaga tripu ya mchanga bomani, na ya pili asubuhi, na Marcelino mwenyewe akaja kuhakikisha zimeandikwa mstari wa chini.

Taarifa ikapelekwa mjini. Mwezi wa tano mbao zikafika, na tarehe ishirini na mbili mwezi wa sita, siku nane kabla mwaka wa serikali haujaisha, Bartholomeo alipigilia msumari wa mwisho wa bati. Masika ya mwaka uliofuata ilikuta paa. Kuta zipo, na nesi anaishi pale.

Bi Esnath hakurudi shambani mwaka huo. Ugonjwa wa moyo ulikuwa umemchosha. Bartholomeo na Juliana walimfuata Kihesa na debe la mahindi. Walimkuta kitandani, amepungua, miwani imelegea usoni. Bartholomeo alikuwa amebeba lile daftari, maana kuna jambo lilimkaa rohoni. Alisema haraka kabla aibu haijamshika:

"Mama, kuna jiwe lako. Lile ulilokuja nalo siku ya kwanza. Nililiweka kona iliyoanguka. Halimo humu."

Akamfungulia ukurasa, akamshikisha kalamu. Bi Esnath aliitazama kalamu, akairudisha mkononi mwa Bartholomeo, akafunga daftari polepole.

"La kwangu usiliandike, Baba Joyness," alisema. "Mimi ni jirani."