Aliyembeba Rubani

Majuzi nilialikwa harusi ya binti wa mwenzangu kazini, katika kanisa kuukuu la mawe upande wa juu wa Kawangware, kule kwenye miti mirefu na mageti ya chuma. Nilifika mapema, nikawa nazungukazunguka nikisoma vibao vya shaba vilivyopigwa ukutani kuwakumbuka marehemu. Kibao cha nne kilinisimamisha. Kilimsifu rubani wa ndege za kivita, mwenye nishani ya ushujaa, ambaye baada ya ndege yake kuanguka katika misitu ya Bama alitambaa peke yake siku tatu, nyonga imevunjika, mpaka akawafikia wenzake.

Peke yake. Nilisoma mara tatu. Bibi harusi akaingia, watu wote wakasimama na kumgeukia, na mimi bado nimeelekea ukutani kama mtoto aliyetiwa adhabu. Mwenzangu alikuja kunivuta mkono. Keki yao sikuila.

Kaa basi nikueleze, rafiki yangu, maana jambo hili nililimeza nikiwa mtoto na mpaka leo halijashuka.

Nililelewa na babu na nyanya yangu huku Silanga, Kibera inakoteremka kuelekea bwawa. Ukisikia Silanga leo utawaza mabati yaliyobanana na mitaro ya maji machafu. Sisi tulikuwa na shamba. Nyuma ya nyumba palikuwa na mahindi, maharagwe na mistari ya sukuma ambayo nilimwagilia kila asubuhi kabla ya shule, miguu ikiwa na baridi ya umande, ukungu umelala juu ya maji na vyura wakipiga kelele kama wenye kesi. Nikirudi nyumbani nilikuta nyanya ameshapanga gurusa, zile chapati zetu laini za Kinubi, na chai ya tangawizi kali ya kukutoa machozi. Jirani yetu mama wa makaa alipitia pale kila siku, uso mweusi kwa vumbi la gunia, akala yake moja wima, akaenda zake. Alisema gurusa ya kuketi haina utamu.

Ardhi ile walipewa baba zake babu kwa sababu walikuwa askari Wanubi, walioletwa na Waingereza kutoka Sudan. Naye babu alikuwa askari, koplo, akapigana Bama, yaani Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia. Hakuwa na hadithi za sungura na fisi. Alikuwa na hadithi moja tu, na jioni tukipukuchua mahindi tulimwomba airudie hiyo hiyo.

Walikuwa watu kumi na mmoja, wamebanwa bondeni kwenye matope. Juu ya kilima Wajapani walikuwa na bombom, ndivyo alivyoiita bunduki ya rasharasha, na hakuna aliyeweza kuinua hata kichwa. Ndipo ikaja ndege moja. Ikashuka, ikapiga kilima, ikapanda. Ikarudi mara ya pili. Babu alikuwa akiinamisha kiganja chake kutuonyesha ilivyolala upande ikigeuka. Mara ya pili ilipigwa, moshi ukatoka mkiani.

"Angeweza kwenda nyumbani," babu alisema. "Nani angemlaumu? Lakini alirudi mara ya tatu, anawaka vile vile. Ile bombom ikanyamaza. Halafu yeye akaanguka ng'ambo ya kilima."

Sajini alisema waondoke haraka. Babu akamjibu, "Yeye amerudi mara tatu. Mimi nitakwenda mara moja." Akaenda. Akamkuta Rubani kando ya mabaki ya ndege, kijana tu, nyonga imevunjika, analia kwa maumivu. Akambeba mgongoni siku tatu, mvua ikinyesha bila kupumzika, akimlisha biskuti za jeshi zilizolowekwa maji ili aweze kuzimeza. Walipofika mtoni ambako wenzake walikuwa ng'ambo, Rubani alimshika shingo akamwambia kwa kile Kiswahili chake cha jeshini, "Koplo, mimi hapana sahau wewe mpaka kufa."

Sisi watoto tulilicheza tukio lile kwenye tuta la bwawa. Kila mtu alitaka kuwa Rubani. Mimi nilikuwa na mikono mirefu kuliko wote, kwa hiyo nafasi ilikuwa yangu. Nilikimbia nimetandaza mikono, napiga kona, naangusha kilima kizima cha Wajapani, na mwisho kaka mmoja wa jirani alinibeba mgongoni huku nikipiga kelele za uchungu. Nilimpenda yule mtu. Ndilo linaloniuma. Sijawahi kukana kwamba alikuwa shujaa. Nishani yake aliipata kwa kurudi mara tatu, na hiyo ilikuwa haki yake.

Baada ya vita Rubani alikuja kukaa Nairobi, akamtafuta babu, akampa kazi ya kukata nyasi na kutunza maua nyumbani kwake. Kila asubuhi babu alitoka Silanga kwa miguu, akavuka barabara ya Ngong, akapita Kawangware, mpaka kule kwenye majumba ya mawe. Kila asubuhi alimpigia Rubani saluti. Kwa babu hiyo kazi ndiyo ilikuwa ahadi ya mtoni kutimia. Nyanya hakuona hivyo. Alisema, "Mgongo uliombeba ndio huo huo unaoinama kumkatia nyasi." Babu akamwambia anyamaze. Nyanya akanyamaza, lakini alisugua sufuria siku ile mpaka nikadhani itatoboka.

Nilikuwa darasa la tano walipokuja watu wa ofisi kupima Silanga. Walipiga vigingi katikati ya mahindi yetu. Walisema nyumba zitabomolewa, ila mwenye kuthibitisha kwamba yuko pale kwa ajili ya utumishi wa jeshi atahesabiwa na kupewa mahali pengine. Karatasi ya babu ya kuachishwa jeshi ililiwa na mchwa zamani. Alikwenda kwa karani na medali yake moja ya kawaida, ile waliyopewa wote.

Karani aliigeuzageuza. "Mzee, hii unaweza kuokota popote. Tena nyinyi si watu wa Sudan?"

"Nimezaliwa pale bwawani," babu alisema.

"Basi lete barua. Afisa aliyekuona vitani kwa macho yake aandike."

Babu alitoka mle ofisini akitabasamu. Nilikuwa naye, nilimwona. Afisa aliyemwona kwa macho yake! Alikuwa naye kila siku, akimwona akinywa chai barazani.

Jumamosi iliyofuata alinichukua pamoja naye kwa sababu mimi nilijua kusoma Kiingereza. Rubani alimsikiliza, akaingia ndani, akakaa humo kitambo, akarudi na bahasha. Akasema, "Hii nasaidia wewe, Koplo." Babu akapiga saluti. Tukashuka barabara, na tulipofika pale kituoni Kawangware 56 babu hakuweza kusubiri tena. Tuliketi kwenye jiwe mbele ya duka la misumari na rangi, akanipa bahasha. "Nisomee polepole," alisema. "Usiruke neno."

Ilikuwa mistari minne. Ilimtaja babu kwa jina, ikasema amekuwa mkata nyasi wa Rubani kwa miaka mingi, ni mwaminifu, halewi, na anastahili kusaidiwa. Hakuna vita. Hakuna Bama. Hakuna mto.

Mtoto wa miaka kumi na moja anajua, rafiki yangu, anapokuwa ameshika kitu kitakachomuumiza mtu anayempenda. Nilifikiri kudanganya. Ningeweza kumsomea hadithi nzima, na bombom, na mvua, asingejua mpaka afike kwa karani. Kisha nikamwona karani akicheka. Nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Rudia," babu akasema.

Nikarudia. Akaikunja barua, akainuka, na tukapanda barabara tena.

Tulikuta wageni barazani, wazungu sita au saba na chai na sandwichi. Rubani alikuwa amesimama katikati akisimulia, na kiganja chake kimelala upande. Niliujua mgeuko ule. Kwa mara ya kwanza nilisikia hadithi yetu kwa Kiingereza, na nilielewa vya kutosha kusikia alipofika ng'ambo ya kilima. Alisema alitambaa. Alionyesha viwiko vyake. Wageni walitikisa vichwa kwa huruma.

Babu alipanda ngazi za baraza, ambazo hakuwahi kuzipanda. "Afande, katika barua hii mimi simo."

Rubani alishtuka. "Jina yako iko, Koplo."

"Jina langu limo. Mimi simo. Andika ya Bama."

"Hiyo mambo ya zamani sana. Serikali nakwisha andika yote. Mimi hapana weza geuza sasa."

"Mtoni uliniambia nini?"

Rubani aliutazama uso wa babu, halafu akatazama wageni, halafu akatazama bustani. Hapo mimi nikapasuka. Nilisema kwa Kiingereza changu cha darasa la tano kwamba babu yangu ndiye aliyembeba, siku tatu, mgongoni. Kikombe kimoja kiligonga sahani. Mama mmoja mwenye kofia akamwuliza Rubani kama ni kweli.

Yeye akatabasamu. Akasema watu wake wa kazi wameisikia hadithi hiyo mara nyingi mno, sasa wote wamo ndani yake. Wakacheka. Si kicheko kibaya, ndicho kinachonikasirisha zaidi. Walicheka kwa upole, kama watu wanaomcheka mtoto aliyesema amemwona simba chooni.

Babu hakukijua Kiingereza kile, lakini kicheko alikielewa. Alivua koti lake la kaki la kazi, akalikunja sawasawa kijeshi, akaliweka mezani katikati ya vikombe. Hakupiga saluti. Alinishika mkono, tukatoka kupitia geti kubwa, lile la magari.

Miaka mingi nimejiuliza alichoogopa. Kama angeandika mistari miwili tu ya kweli, nishani isingetoka kifuani mwake. Kurudi mara tatu na ndege inayowaka, nani angemnyang'anya hilo? Angepoteza kipande kimoja tu cha sifa, kile cha kutambaa. Mtu asiyeogopa risasi aliogopa kupunguziwa makofi na wanywa chai. Nimekua, nimesoma, nimezika watu, na bado sipati njia ya kulielewa jambo hilo kwa upole.

Tingatinga lilikuja msimu wa baridi. Nyanya alitoa vyombo vyake mwenyewe, hakuruhusu mtu aviguse. Babu aling'oa mahindi mabichi, moja moja, akayafunga kwenye gunia, kana kwamba kuna mahali pa kuyapanda tena. Tulihamia Gatwekera, chumba kimoja cha udongo na mabati, ukuta wetu ndio ukuta wa jirani, akikohoa tunaamka. Babu alianza kukohoa naye. Aliketi mlangoni mchana kutwa na hakuwa na hadithi tena. Watoto wa Gatwekera wakimwomba, aliwaambia, "Nilikuwa mkata nyasi." Hakumaliza mwaka.

Siku ya tatu ya matanga, adhuhuri, wanawake wakipika uani, nikamwona Rubani anakuja katikati ya vichochoro, anachechemea na fimbo, kofia mkononi, kundi la watoto nyuma yake. Mtu fulani alikuwa amempelekea habari. Alisimama mbele ya nyanya akasema pole.

Nyanya alikuwa amekaa mkekani na gurbaba lake, ile shuka ya wanawake wa Kinubi, limemfunika kichwa. "Pole ya nini?" akamwuliza. "Sema mbele ya watu."

Mama wa makaa, aliyekuja kwa miguu kutoka alikohamia, aliacha mwiko ndani ya sufuria. Rubani akasema, na nayakumbuka maneno yake yote, "Huyu mzee nabeba mimi. Siku tatu. Mimi hapana tembea, hapana tambaa. Yeye nabeba." Machozi yalimtoka. Wanawake wawili wakaanza kulia naye, kwa maana sisi ni watu wepesi wa huruma.

Nyanya hakulia. Alimwacha amalize, akamwambia, "Vizuri. Sasa nenda ukaseme hivyo kwa Kiingereza."

Rubani akavaa kofia yake, akageuka, na watoto wakamsindikiza mpaka barabarani.

Kwetu aliweza kusema. Sisi tulikuwa nani? Hatukuwa na gazeti, hatukuwa na muhuri, hakuna karani ambaye angetuandika. Alikuja kutua mzigo wake mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuuonyesha kwa wengine, akaenda zake mwepesi.

Nyanya aliishi miaka tisa baada ya hapo. Mama wa makaa alimfuata kabla ya masika. Wale wanawake wa uani walitawanyika, wengine wakarudi mashambani kwao, wengine nimewazika mwenyewe. Hata wale watoto waliomsindikiza, wawili niliokutana nao ukubwani hawakumbuki kitu, isipokuwa mzungu mwenye fimbo. Nimepiga hesabu ya watu walioyasikia maneno yale kwa masikio yao na kuyaelewa, na kila ninapopiga hesabu hiyo napata mtu mmoja.

Kiingereza changu sasa si cha darasa la tano. Jumatatu nitapanda kwa kasisi wa kanisa lile kwa ajili ya kile kibao, na sitaondoka barazani kwake mpaka anisikilize.