Mtihani wa Mwalimu Jocelyne

Jocelyne Irakiza alikuwa mwalimu wa Kifaransa kwao Makamba, Burundi. Hapa kambini Nakivale, Uganda, nani atakuuliza Kifaransa? Alishika jembe kama sisi wote, mpaka shirika moja likatafuta mtu wa kutufundisha Kiingereza sisi wakubwa. Siku alipopewa darasa alipiga pasi gauni lake kwa makaa, akapita barabarani anasalimia hata mbuzi.

Mimi ni Mama Élyse, Mkongomani wa Uvira, nauza unga wa muhogo, na kiti cha mbele kilikuwa changu. Mwanzoni Jocelyne alitufundisha vile alivyofundishwa yeye: anaandika kitenzi ubaoni, tunakiimba wote kama korali ya kanisa. Tunatoka pale hatujui hata kuomba chumvi. Shirika likamwambia aende Mbarara kujifunza namna mpya, kisha watakuja kumwangalia akifundisha. Akifaulu, darasa ni lake. Akishindwa, wanaleta mwingine. Basi kila Jumamosi akapanda taksi asubuhi mapema, amebanwa na magunia, kwenda chuoni Nyamitanga, palepale Mbarara ng'ambo ya mto Rwizi.

Namna yenyewe ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Lugha huijui kwa kuiimba, unaijua kwa kuifanyia kazi. Jocelyne akaja na kikapu cha nyanya: wewe unauza, wewe unanunua, msiniangalie mimi, pataneni wenyewe. Tulikosea mengi, tulicheka, tukapatana. Haukupita muda nikamwuzia unga dereva wa Mbarara bila mkalimani. Alipunguziwa bei kidogo tu, na akalipa!

Aliyenitia kinyaa ni mkufunzi wao wa Mbarara, Bwana Byamukama. Alipita kwa Jocelyne kabla ya mtihani, nikiwa pale namenya muhogo. Akala ndizi zetu, akafuta vidole kwenye kitambaa cha meza, akayakataa masomo yote aliyoandaa Jocelyne. Nyanya ni za watoto, akasema. Kazi ya darasani iwe ya kweli, kitu ambacho mkimbizi anakisema kweli maishani.

"Fanyeni mahojiano ya ofisini, yale ya kuomba hifadhi," akasema. "Kwa nini ulikimbia. Kila mtu atoe habari yake mwenyewe. Wageni watapenda."

Watapenda! Nikafyonya mpaka akageuka.

Jocelyne akamjibu kwa adabu, "Bwana, hayo watu hawayasemi mbele za watu. Kwetu machozi ya mtu mzima yanashuka ndani."

"Sawa," akasema akitabasamu. "Nenda na nyanya zako, tuone kama zitakufaulisha."

Alipoondoka nikasema, "Dada, kataa. Ule mutu hana haya. Aliyelala usimwamshe."

"Mama Élyse," akasema, "wakininyang'anya hili darasa, mimi nabaki nani?"

Nikaendelea kumenya muhogo kwa hasira, nusu yake nikaitupa na maganda.

Siku ikafika. Wageni wakakaa nyuma na simu zao juu. Jocelyne akatupanga wawili wawili, mmoja ofisa, mmoja mkimbizi. Sisi wajanja tulidanganya. Mimi nilimwambia mwenzangu kwamba nilimkimbia mama mkwe, akanipa hifadhi palepale. Lakini Nyirabahire, mjane wa Rutshuru, mtu wa kunyamaza, hakujua kumdanganya mwalimu. Aliambiwa aandae habari yake, akaiandaa. Na Byamukama, kati ya watu wote, akamwita yeye mbele.

Akasimama wima kama mtoto wa shule. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake: Walikuja tukiwa tunakula. Mwanangu alikwenda mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilisikia.

Halafu, eh Mungu wangu, nikikumbuka hata leo mate ya kutema yananijaa mdomoni, Byamukama akaruka: "Mpigieni makofi!" Huku Uganda anayejibu vizuri darasani anapigiwa makofi ya mpigo wake, kisha wote mnamnyooshea mikono kumrushia maua ya hewani. Na mikono yetu ilishazoea. Darasa zima likampigia mama wa watu makofi, likamrushia maua, kwa sababu mwanawe aliuawa kwa Kiingereza safi.

"Haya ndiyo mawasiliano!" Byamukama akawaambia wageni. "Mwalimu huyu amefaulu." Ptuu! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye anautolea maksi.

Nyirabahire hakurudi kitini. Alimgeukia Jocelyne, akauliza kwa Kiswahili chetu, "Mwalimu, nimesema muzuri? Hakuna fasi nimekosea?"

Aliyejibu ni Byamukama. "Vizuri sana, mama. Hebu rudia tena, kuanzia pale mlangoni. Video haikushika."

Na yule mama, kwa utii, akanyoosha mikono kando, akavuta pumzi aanze.

Jocelyne akaweka chaki chini. Akavua kitenge chake begani, akamfunika nacho Nyirabahire, akamshika mkono wakatoka nje. Byamukama alimwita mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Hakugeuka.

Siku hizi Jocelyne analima mahindi. Darasa lilipewa kijana mmoja kutoka mjini, ana cheti, ana simu nzuri, na somo alilofungua nalo lilikuwa lile lile la mahojiano.