Siku Tuliyoifukua Meza

Tulikuwa wanne siku hiyo: mimi, wadogo zangu wawili wa kike, na shangazi yetu aliyefika asubuhi kutoka Matungu na mfuko wa viazi vitamu. Nyumba yetu hapa Shieywe ina chumba kimoja na sebule, na sebule ndipo ninaposhonea.

Nilikuwa nimekwama. Mwenyekiti wa kwaya ya akina mama alitaka sampuli ya sare mpya. Ya kwanza aliikataa. Ya pili alisema inafanana na nguo za wauguzi. Alinipa hadi Jumamosi. Nikikosa tena, kazi ingeenda kwa fundi mwingine. Hiyo ilikuwa Alhamisi, nami nilikuwa nimeikodolea macho cherehani, kichwani hamna kitu.

"Dada, utafikiria aje ndani ya stoo?" akauliza anayenifuata kwa kuzaliwa.

"Stoo hii inakulisha."

"Inanilisha vumbi."

Shangazi hakungoja tumalize. Alijifunga leso kiunoni, akafungua madirisha, na vitu vikaanza kutoka nje: magunia, viti vilivyovunjika miguu, suruali za wateja waliozisahau. Chini ya vyote tukaifikia meza ya mama. Mama alipofariki niliacha shule, kidato cha pili, ili niwalee hawa wawili. Tangu hapo nilikuwa narundika vitu juu ya meza ile na kukatia vitambaa kitandani.

Kitinda mimba akavuta kutoka uvunguni sufuria kubwa iliyojaa mabaki ya vitambaa, akaimwaga mezani. Nilisimama na ufagio mkononi. Mwanga ulikuwa umeingia, na vipande vilitapakaa kwenye mbao tupu: kijani, manjano, buluu. Nikauona akilini ukosi wa vipande vyembamba vilivyounganishwa, juu ya gauni la zambarau. Niliuona wote, hata mishono yake. Nikauacha ufagio uanguke nikatafuta makasi.

"Na hii ni ya nani?" Shangazi alikuwa ameipindua sufuria. Kitakoni palikuwa na herufi mbili zilizotobolewa kwa msumari, kama wanawake wanavyoweka alama kabla ya kuazimisha vyombo vya matanga. Herufi zile nilikuwa nimeziandika kwenye daftari langu la vipimo. Ni za mwenyekiti wa kwaya. Sufuria ilipika obusuma, ugali wa waombolezaji wa mama, na haikurudi.

"Kumbe ndiyo maana anakataa nguo," akasema kitinda mimba.

Tuliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Jumamosi mwenyekiti alikuja, akavaa gauni, akageuka huku na huku, akaugusa ukosi.

"Sasa hii ni kwaya," akasema. "Shona zote."

Nikamletea sufuria na kuanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Nilijua iko hapa. Ningewaulizaje watoto waliofiwa mambo ya sufuria?"

"Basi ichukue leo, mama."

Akarudisha mikono nyuma. "Mwanangu, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Unataka nipite nacho barabarani watu wakinicheka?"

Sare nimezimaliza zote, na meza bado iko wazi. Siku hizi nafuga kuku. Sufuria ile inatosha wageni hamsini, nami hadi sasa nina jogoo mmoja na mitetea miwili.