Pigo la Pili la Tsuma Menza

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu mara mbili kabla ya saa nne, kisha joto la kunata mwilini.

Tsuma Menza, mgema wa Munje, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, aliketi kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya wakili wake, juu ya duka la vitambaa karibu na Kona ya Musa. Mikono aliiweka juu ya magoti. Alikuwa na muda mpaka kesho asubuhi aamue moja kati ya mawili: akiri kosa la kuua bila kukusudia, au aendelee na kesi ya mauaji na kushikilia kwamba alijikinga. Akishinda angetoka huru. Akishindwa angeweza kufungwa maisha.

Aliyekufa ni jirani yake, Mwinga. Sasa ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi mitatu. Mwinga alidai kuwa minazi sita ya mpakani ni ya marehemu baba yake, na asubuhi moja alimkuta Tsuma juu ya mmojawapo akigema. Alilipiga shina kwa panga, akamwambia ashuke amchinje. Tsuma alishuka. Miguu haijatulia vizuri chini, panga likampata begani. Naye akampiga Mwinga kwa kotama, kisu chake cha kugemea, mara moja kwenye kifundo cha mkono na mara ya pili shingoni.

Wakili wake, Bi Hafsa, binti wa Ukunda aliyelingana umri na mwana wa kwanza wa Tsuma, alikuwa ameshamwamkia shikamoo na kumpa maji. Mbele yake palikuwa na maelezo ambayo Tsuma aliyaandikisha polisi siku ile ile.

"Baba, hapa ndipo panaponisumbua. Umesema ulimwona Mwinga chini na panga. Halafu ukasema, 'Nikanoa kotama, nikakata ncha ya karara, nikafunga kamba, nikatundika kibuyu, nikashuka.'"

"Ndivyo."

"Yaani ulinoa kisu baada ya kumwona."

"Kotama butu huponda karara, lile chipukizi la maua. Tembo la mnazi halitoki."

Chome, mgema mwenziwe aliyemwekea dhamana, aliyekuwa ameketi kando yake, alicheka puani. "Bi wakili, huyu hata nyumba yake ingewaka moto angemaliza mnazi kwanza. Polisi kamwuliza aliyeuawa ni nani, yeye kamfunza ugema."

"Mimi nimeelewa, mzee Chome. Lakini jaji hajapanda mnazi. Ataambiwa kwamba mtu anayeogopa kufa hakai juu akanoa kisu kisha akamfuata adui yake chini. Baba, kwa nini hukubaki juu ukapiga kelele?"

Swali hilo Tsuma alikwisha kuulizwa na askari, na ndugu zake, na mkewe. Kila mara alilitafuta jibu mahali pale pale, na kila mara alikuta kitu kimoja. Kazi ya mnazi ule ilikuwa imekwisha. Karara lisipokatwa ncha hukauka, kwa hiyo alilikata. Alipokwisha, akashuka.

"Nilikuwa nimemaliza," alisema.

"Basi. Hilo la kunoa nitaliweza, mzee Chome atakuja kueleza kazi yenu. Sheria inakuruhusu kujikinga, hata kama mwenzio atakufa, mradi uliamini kwa dhati kwamba roho yako imo hatarini, na nguvu uliyotumia haikupita hatari yenyewe. Bega lako ni ushahidi. Tatizo ni pigo la pili. Panga lilikuwa wapi?"

"Chini. Lilimtoka nilipompiga mkono."

"Ulijua kwamba limeanguka?"

"Nililisikia."

Hafsa aliweka kalamu mezani. "Na ulipompiga shingoni, ulikuwa bado unaogopa?"

Tsuma aliitazama kalamu. Ilikuwa ya buluu, kifuniko chake kimetafunwa.

"Sikumbuki kuogopa."

"Ulikuwa na hasira?"

"Hasira pia siikumbuki. Nakumbuka mkono ulikwenda."

"Sema uliogopa," Chome alidakia. "Nani asingeogopa? Mimi naogopa kwa kusikia tu."

"Mzee Chome, usimfunze maneno mbele yangu. Mtu akinambia hakumbuki, siwezi kumpandisha kizimbani aape kwamba anakumbuka."

"Basi niruhusu nikanywe chai."

"Kaa, tafadhali, na unyamaze." Akamgeukia Tsuma. "Siwezi kukuamulia, Baba. Ukikiri, upande wa mashtaka umekubali kuliondoa shtaka la mauaji. Lakini utakuwa na hatia, na hiyo haifutiki. Jaji anaweza kukupa kifungo cha nje, anaweza kukupa miaka. Hafungwi na ahadi ya mtu. Ukikataa, utaapa, nami nitakuuliza haya haya."

Jioni, nyumbani Munje, mkewe Kadzo alimpakulia Tsuma chakula cha mtu asiyekula vizuri: wali kidogo, samaki mmoja, mchicha. Ng'ambo ya ua wa makuti, Yusra, mjane wa Mwinga, alikuwa akianua nguo. Nyumba hizo mbili hazikuwa zimesalimiana tangu mazishi.

"Baba Dama," Kadzo alisema kwa sauti ya chini, "sema lolote litakalokurudisha hapa."

"Ni lipi?"

"Wewe ndiye uliyekaa na wakili."

Tsuma alinawa, akaenda nyuma ya jiko, akajaribu kulisema neno lile. "Niliogopa." Neno lilitoka vizuri. Akalirudia. Lilikuwa kama jina la mtu ambaye hawajapata kuonana.

Jumatano asubuhi alioga, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaenda mahakamani Kwale pamoja na Chome, ambako Bi Hafsa alikuwa akiwangoja. Karani alisoma shtaka jipya, la kuua bila kukusudia, kwa Kiswahili, polepole. Jaji alimwuliza kama ameelewa, na kama kuna mtu aliyemshurutisha.

"Nimeelewa. Sikushurutishwa."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Panga lilikuwa limeshaanguka."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Tsuma alibaki amesimama mpaka askari alipomgusa kiwiko na kumwonyesha benchi, akakaa.