Oili Niliyoipima Mteremkoni

Asubuhi moja haitanitoka kichwani, mwanangu, naikumbuka kama ninavyolikumbuka jina langu. Ilikuwa baridi ya mwezi wa sita hapa Sumbawanga, ile ya kukufanya uogope hata maji ya kunawia uso, na mimi, mwalimu wa miaka ishirini na sita, nimeinamia injini ya kigari cha babu yako nikijiona fundi. Nilichomoa stiki ya oili, nikaitazama, nikaona imejaa mpaka alama ya juu. Nikairudisha, nikafunga boneti, nikaondoka zangu na furaha yangu.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana ulipofika na kigari chako kipya (nasema kipya, ingawa huko Japani wamekitumia wakakichoka), ulikiegesha pale nyuma ya nyumba kwenye mteremko, pua ikiangalia bondeni, ukafungua boneti na kuchomoa stiki. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta ulezi. Ukapaza sauti, "Mama, oili iko poa kabisa!" Loo, ungo ulitaka kuniponyoka. Nilinyamaza kwa sababu wanao walikuwa wamekuzunguka, na sipendi kumfokea mtu mzima mbele ya watoto wake. Lakini kesho unateremka nao Muze. Kwa hiyo kaa hapo unisikilize, na hiyo simu iweke chini.

Babu yako aliendesha lori la parokia miaka mingi, na alipostaafu akajipatia kigari kidogo chekundu, kikuukuu lakini kisafi. Mwaka ule alikwenda Namanyere kumuuguza kaka yake, akaniachia funguo. Ndani ya boneti alikuwa amebandika kipande cha boksi, ameandika kwa wino wa bluu: "Oili 10W-40. Pima penye usawa." Basi, maneno hayo tu. Baba hakuwa mtu wa kueleza eleza.

Niliyasoma, nikayaacha yalivyo. Unajua kwa nini? Pale stendi kulikuwa na madereva vijana waliozoea kunitania, maana mwanamke kushika usukani wakati ule lilikuwa jambo la watu kusimama barabarani na kutazama. Siku moja mmoja wao akaniambia, "Mwalimu, hiyo oili ya mzee ni maji matupu. Mlima wa Muze unataka oili nzito. Weka namba hamsini uone injini itakavyotulia." Alisema kwa uhakika, mkono kiunoni, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikaona haya kuonekana sijui. Nikadhani baba ananunua nyepesi kwa ubahili wake. Nikaimwaga oili yake, nikaweka hiyo nzito, tena ya kupimiwa kwenye chupa, ambayo mpaka leo sijui ilitoka kwenye pipa gani.

Siku mbili za kwanza nilijisifu. Ya tatu baridi ikaingia, na kigari kikagoma. Oili nzito kwenye baridi yetu hii inakuwa kama asali iliyolala nje. Ukiwasha, stata inaguna mara mbili kama mzee anayeamshwa, halafu kimya. Nikasema betri imekufa. Kila niliyemuuliza akasema ndiyo, betri imekufa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, mwalimu, umeweka oili gani?

Na hapa kwetu mwenye betri mbovu alikuwa na dawa yake. Jioni unaegesha gari mteremkoni, pua chini, unaweka mawe kwenye matairi. Asubuhi unaondoa mawe, unaachia breki, gari linaserereka lenyewe, unaachia klachi, linawaka. (Haya ya kwenu ya otomatiki hayakubali mchezo huo, wewe uliegesha pale kwa uvivu wa kuzunguka nyumba, usinibishie.) Nami nikawa nalaza kigari kwenye mteremko wa kanisani kila jioni, na kila asubuhi nikawa napima oili palepale, pua ikiwa chini. Oili yote inakimbilia mbele, upande ule ule stiki inakoingilia. Stiki inatoka imelowa mpaka juu. Injini ile ilikuwa imezeeka na ilikula oili kidogo kidogo, nami majuma matatu sikuongeza hata tone, kwa sababu kila asubuhi niliona imejaa.

Sasa nikwambie habari za mama mkubwa Skolastika. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitano. Aliishi Muze, akipika pombe ya ulezi iliyowafanya watu wavuke mto kuifuata. Mwaka ule macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga tu, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Madaktari wa macho wakaja hospitali hapa Sumbawanga kutoka mbali, kwa juma moja. Nikamwandikisha. Lakini nilikuwa nasimamia mitihani shuleni mpaka Alhamisi, ikabaki Ijumaa, siku yao ya mwisho. Muuguzi akanionya mapema, "Mwalimu, mlete kabla ya saa nane mchana. Ikipita hapo wanafunga vyombo."

Kwa hiyo asubuhi ile ya baridi nilikuwa nakwenda kumfuata. Kigari kikaserereka, kikawaka, nikapita Ntendo, nikateremka mlima bila shida. Muze nilimkuta mama mkubwa amekaa nje ya mlango, amevaa kitenge kipya, ameoga na kujipaka mafuta, kifurushi mapajani. Alikuwa amekaa hivyo tangu alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo nitaiona sura yako kama umenenepa kweli au wananidanganya."

Nilicheka. Nikamwingiza garini, tukaanza kupanda.

Tulipofika kwenye kona za katikati ya mlima, taa nyekundu ya oili ikawaka kidogo, ikazima. Kona iliyofuata ikawaka tena. Nikajiambia, si nimepima asubuhi? Imejaa. Hiyo taa ni nyaya tu. Mama mkubwa akainua kichwa.

"Mwanangu, kuna kitu kinagonga."

"Ni mawe ya barabara, mama."

"Mawe yanagonga chini. Hiki kinagonga mbele yangu."

Alikuwa haoni, lakini alisikia kabla yangu. Sikusimama. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba sikusimama. Kigari kilipoinua pua kwenye mwinuko mkali, ile oili kidogo iliyobaki ikakimbilia nyuma, pampu ikawa inavuta hewa, vyuma vikawa vinasagana vikavu. Mlio ukaongezeka, ta-ta-ta-ta, halafu ukaja mkwaruzo mmoja mbaya na injini ikafa. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Ilikuwa saa nne na nusu.

Nilimtoa mama mkubwa, nikamkalisha juu ya jiwe kubwa lililo pembeni ya kona. Nikafungua boneti, moshi ukanipiga usoni. Nilianza kulia, mwanangu, sikuficha. Nikamweleza nilivyokuwa napima kila siku, stiki ilivyokuwa imejaa, mteremko wa kanisani, betri, yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Unapopima, gari linakuwa limeinama?"

"Ndiyo, pua chini."

Akajipiga kofi pajani. "Ebo! Mwalimu mzima! Chungu cha pombe kikibaki nusu, ukikiinamisha, pombe si inakuja mpaka mdomoni? Mnywaji wa kwanza tu ndiye anayedanganyika. Mimi nakiweka chini penye usawa ndipo nasema kimebaki kiasi gani."

Mwanamke asiyewahi kugusa injini maisha yake yote, macho yamefungwa, ameujua ugonjwa wa gari akiwa amekaa juu ya jiwe. Mimi mwenye macho mawili na cheti cha ualimu nilikuwa nimesimama pale nikinuka moshi.

Tulikaa. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Yeye alikuwa ananiuliza jua limefika wapi, nami nikawa nampunguzia saa. Nadhani alijua. Lori la mpunga lilipotokea likatupakia, vivuli vilikuwa vimeshakuwa virefu. Tulipofika hospitali, mlinzi alikuwa anafunga chumba walichokuwa wanatumia madaktari. Akanitazama, akamtazama mama mkubwa na kitenge chake kilichojaa vumbi, akasema kwa upole, "Wameondoka, mwalimu. Labda mwakani."

Mwakani hawakuja. Nilipopata njia ya kumpeleka mbali zaidi, wakamtazama wakasema macho yameharibika kwa ndani, wangemwahi mapema yangepona.

Babu yako alirudi toka Namanyere baada ya juma moja. Fundi Apolinari, aliyekuwa na gereji yake nyuma ya soko, alikuwa ameshaifungua injini. "Imenoki vibaya," akatuambia, "na oili niliyoikuta humu haijazi bakuli la uji." Nilijiandaa kwa matusi. Baba hakutukana. Aliinua boneti, akakisoma kile kipande cha boksi kwa sauti, pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Oili 10W-40. Pima penye usawa." Kisha akanigeukia.

"Mwandiko wangu haukusomeka?"

Mwanangu, mimi nilikuwa nafundisha watoto kusoma. Afadhali angenichapa.

Miaka miwili baadaye nilijifungua. Nilimpeleka mtoto Muze akiwa na mwezi mmoja, nikamweka mapajani mwa mama mkubwa. Akampapasa paji la uso, akafika kwenye pua, akaibana kidogo kwa vidole viwili, akacheka. "Pua ya kwetu hii." Kisha akasema, "Huyu mtoto wa jicho kaninyima mtoto wa kweli." Hakusema kwa kunilaumu. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba mpaka machozi yalipokauka. Mtoto yule ni wewe. Mama mkubwa alikubeba mgongoni, alikuimbia, alikujua kwa harufu na kwa kilio, na alifariki hajawahi kuiona sura yako.

Ndiyo maana jana nilitaka kudondosha ungo.

Sasa sikia, na uwafundishe wanao. Oili ya gari lako usiulize stendi. Jana ulipokuwa unakula nilitoka nikakisoma kifuniko cha oili kwenye injini yako, kimeandikwa 5W-30, na kitabu cha gari ulichokitupa chini ya kiti kinasema hivyo hivyo. Waliokitengeneza wamekwisha kusema. Namba iliyo kabla ya herufi W ni ya baridi: ikiwa ndogo, oili inatiririka upesi asubuhi kama za hapa kwetu, injini haiguni. Ya baadaye ni uzito wake injini ikishachemka, hata ukiwa kwenye joto la Muze. Mtu akikwambia mlima unataka nzito, mwambie asante, ununue iliyoandikwa. Nunua chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa, kwenye duka ambalo ukirudi kesho utalikuta. Ile ya kupimiwa waachie wenyewe.

Na kupima: zima injini, ngoja dakika kumi oili ishuke, gari likiwa penye usawa. Stiki ya kwanza hiyo usiisome, ifute, irudishe mpaka mwisho, ndipo uchomoe na usome. Iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Ikizidi nayo ni hatari, kwa hiyo usimimine kwa hasira. Na taa nyekundu ikikonyeza, hata mara moja, hata kwenye kona, simama. Uzime. Acha watu wakungoje. Mimi niliharakisha nisichelewe, na ndiyo sababu sikufika kabisa. Tena ukisikia mtu garini anasema kuna kitu kinagonga, awe mzee, awe mtoto, usimwambie ni mawe.

Kuuliza si aibu, mwanangu. Mimi niliona haya kumuuliza baba kwa nini oili yake ina namba mbili na si moja, dakika moja tu ya maneno, na haya ile bado naibeba.

Haya, inuka. Kitoe kigari kwenye mteremko ukilete hapa mbele ya stoo ya mahindi, hapa ni tambarare, babu yako mwenyewe ndiye aliyepasawazisha baada ya mkasa ule. Nakuja na kitambaa, tupime wote wawili, wanao wakiangalia.

Mungu akutangulie kesho, akushushe salama na akupandishe salama, wewe na hao watoto wako wenye pua za kwetu. Macho yako yasipungue nuru, na wanaokungoja wasingoje bure. Ukifika kwenye kona ya jiwe kubwa, punguza mwendo, umsalimie mama mkubwa. Mwambie nimepima mimi mwenyewe, na nimepima penye usawa.